Kona Tupu ya Kushoto

Tarehe 29 Februari 2012, mjini Barcelona, kampuni ya Microsoft ilitoa hadharani toleo la majaribio la Windows 8. Aliyetaka alilipakua bure, akaliweka kwenye kompyuta yake, akajionea. Ya kutazama yalikuwa mengi. Kompyuta ikishawaka, uliona ukurasa mzima wa vigae vya rangi, vingine vikijibadilisha vyenyewe kuonyesha hali ya hewa au barua pepe zilizoingia. Lakini ubishi wa miezi iliyofuata haukuhusu vigae hivyo sana. Ulihusu kona ya chini kushoto ya skrini, mahali ambapo tangu Agosti 1995 palikuwa na kitufe cha Start. Ukiacha vigae na kuingia kwenye eneokazi la zamani, lile lenye ikoni na mandhari ya nyuma, uliikuta kona ile haina kitu.

Ugomvi wa kitufe kimoja unaweza kuonekana wa kitoto. Si wa kitoto ukijua kilikotoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Windows iliyokuwa ikitumika ilikuwa toleo la 3.1, lililotoka mwaka 1992. Ukiiwasha, ulikaribishwa na dirisha liitwalo Program Manager, na ndani yake madirisha mengine madogo yenye ikoni. Mafaili yalikuwa na programu yao ya pembeni, File Manager, na uhusiano wa viwili hivyo mgeni hakuuelewa hata kidogo. Microsoft walipoanza kutengeneza toleo lililofuata, ambalo ndani ya kampuni liliitwa Chicago, waliwaleta watu wa kawaida kwenye vyumba vya majaribio huko Redmond, jimbo la Washington. Wakawapa kazi ndogondogo, kama kufungua programu, kuandika barua au kutafuta faili, kisha wakakaa kando kuwatazama.

Walichokiona kiliwaaibisha. Kent Sullivan, mmoja wa waliosimamia majaribio hayo, alikuja kuyaandika mwaka 1996. Watu walishindwa kubofya mara mbili kwa kasi inayotakiwa. Dirisha moja likifunika jingine, waliamini lile la chini limefutika. Wakilipunguza dirisha likawa ikoni chini ya skrini, walidhani wamelifunga, kwa hiyo waliifungua programu ileile upya, mara ya pili, mara ya tatu. Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye kazi zao, ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba ndani ya kioo kile kuna mbele na nyuma.

Jibu la kwanza lilikuwa mstari mmoja chini ya skrini, wa kuonyesha kila dirisha lililo wazi ili lisipotee tena. Kushotoni mwa mstari huo waliweka vitufe vitatu, kimoja kikiwa na neno System. Raymond Chen, mhandisi wa Windows wa miaka mingi, amesimulia kilichotokea: watu waliwasha kompyuta, wakakaa, wakaitazama. Hawakugusa chochote. Hakuna kitu kwenye skrini kilichowaambia waanzie wapi. Basi vitufe vikaunganishwa kuwa kimoja, na juu yake likaandikwa neno Start. Danny Oran ndiye anayetajwa zaidi katika kukibuni, na miongoni mwa waliofanya kazi ya sura ya mfumo ule alikuwamo kijana Joe Belfiore, ambaye tutakutana naye tena. Hata hapo hawakuridhika. Windows 95 ilipowashwa kwa mara ya kwanza, maandishi ya kumwambia mtumiaji abofye hapa yalitembea kwenye mstari ule wa chini hadi yakakigonga kitufe. Nadra kuona kampuni kubwa ikimshika mteja mkono kiasi hicho.

Tarehe 24 Agosti 1995 Windows 95 ilizinduliwa Redmond kwa shangwe, mchekeshaji Jay Leno akiwa jukwaani na Bill Gates, na wimbo wa Rolling Stones, "Start Me Up", ukipigwa kwenye matangazo. Watu walicheka kwamba ili kuzima kompyuta ilikubidi ubofye Start. Kicheko hicho hakikumzuia mtu kuitumia. Kitufe kikaingia kila mahali ilikoingia kompyuta, na huku kwetu kilikuja pamoja na kozi za kompyuta za mitaani na mikahawa ya intaneti. Mwalimu aliandika ubaoni hatua za kufuata, wanafunzi wakazinakili daftarini: nenda Start, kisha Programs, kisha Microsoft Word. Wapo waliomaliza kozi hiyo na kupata cheti kabla hawajawahi kukaa peke yao mbele ya kompyuta kwa saa nzima, na njia ile waliijua kwa moyo.

Windows XP ya mwaka 2001 ilikipaka kitufe rangi ya kijani na kuinenepesha menyu yake. Vista, iliyouzwa kwa umma tangu Januari 2007, ilikigeuza duara na kuongeza kisanduku cha kutafutia, ingawa watu wengi wanaikumbuka Vista kwa uzito wake. Windows 7 ya Oktoba 2009 ilituliza mambo. Sura ilibadilika mara tatu, lakini mahali hapakubadilika.

Aliyeisimamia Windows 7 alikuwa Steven Sinofsky, mtu wa ratiba, aliyesifiwa kwa kuirudishia idara hiyo nidhamu baada ya Vista. Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa Office, na humo ndimo lilimotokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, liliwapotosha wote. Katika Office 2007 kikosi chake, akiwemo Julie Larson-Green, kiliziondoa menyu za Word na Excel zilizodumu miaka mingi na kuweka utepe mpana wa vitufe. Kelele zilikuwa kubwa. Maofisini watu walitafuta amri ya kuchapisha wasiione. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili kelele zilipungua, watu wakazoea, na mauzo yakaendelea. Ukishapita katika moto wa namna hiyo ukatoka salama, ni rahisi kuhitimisha kwamba manung'uniko ni sehemu ya kila badiliko na kwamba dawa yake ni kusubiri. Larson-Green alihamia Windows pamoja na Sinofsky.

Kisha ikaja iPad. Apple waliitangaza Januari 2010 na kuanza kuiuza Aprili, na ghafla kifaa kisicho na kibodi wala kipanya kikawa ndicho kinachozungumzwa. Microsoft, waliokuwa wamehangaika na kompyuta bapa za kalamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila kupata soko, waliona wanaachwa kwenye simu na kwenye vishikwambi pia. Kundi lao la simu lilikuwa na sura mpya iliyoitwa Metro, yenye vigae bapa, herufi kubwa na nafasi nyingi, iliyotoka na Windows Phone 7 mwaka huohuo. Sinofsky aliamua kwamba Windows 8 itakuwa mfumo mmoja wa kishikwambi na wa kompyuta ya mezani, na kwamba sura hiyo ya kuguswa kwa kidole ndiyo itakayofunguka kwanza kwenye kila mashine, yenye kioo cha kugusa na isiyo nacho.

Na menyu ya Start? Kampuni ilijibu kwa takwimu. Mwezi Oktoba 2011, katika makala zao ndefu za kueleza uamuzi wao, waliandika kwamba matumizi ya menyu hiyo yalishuka kwa asilimia 11 kati ya Vista na Windows 7, kwa sababu watu wengi sasa walibandika programu zao kwenye mstari wa chini na kuzifungua hapo moja kwa moja. Takwimu zilitoka kwenye kompyuta za watu waliokubali kwa hiari yao kutuma taarifa za matumizi. Zilikuwa za kweli. Ila kuhesabu mibofyo si sawa na kukaa kando ya mtu na kumtazama anavyohangaika, kama walivyofanya wenzao wa 1993. Ukihesabu ni mara ngapi mpishi hunyoosha mkono kwenye kopo la chumvi, utapata idadi ndogo. Jaribu kulihamisha kopo hilo uone. Kitufe cha Start hakikuwa tena cha kufungulia programu tu. Kilikuwa mahali pa kurudia mtu akipotea.

Dalili zilionekana mapema. Toleo la waandaaji wa programu, lililotolewa Anaheim Septemba 2011, bado lilikuwa na kitufe, ingawa kilikupeleka kwenye vigae. Mafundi walichimba ndani yake wakagundua kwamba ukibadili thamani moja tu kwenye rejista ya Windows, menyu ya zamani inarudi nzima. Habari hiyo ilienea haraka. Toleo la Barcelona lilipotoka, mlango ule ulikuwa umezibwa na kitufe chenyewe kimeng'olewa. Mwezi uliofuata Chris Pirillo, mwandishi wa teknolojia wa Marekani, alimketisha baba yake mbele ya Windows 8 bila kumfundisha chochote, akawasha kamera. Mzee alizunguka, akaingia kwenye eneokazi, kisha akashindwa kurudi alikotoka. Alitazama kona. Alibofya hapa na pale. Dakika chache hizo zilisambaa sana kwenye YouTube, na ukizitazama unauona utulivu uleule alioueleza Chen: mtu amekaa, anaitazama kompyuta, hajui afanye nini. Safari hii hakuna aliyebadilisha kitu.

Windows 8 iliingia sokoni tarehe 26 Oktoba 2012. Tuseme wazi kwamba chini ya ngozi yake ilikuwa kazi nzuri. Iliwaka upesi kuliko Windows 7, ilikuja na kinga ya virusi ndani yake, na ilikimbia bila shida kwenye mashine za miaka iliyotangulia. Aliyezoea kibodi alizoea pia mfumo huu baada ya siku chache: alibonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, akaandika herufi mbili tatu za jina la programu, akagonga Enter, yakaisha. Tatizo ni kwamba hakuna sehemu kwenye skrini iliyosema kwamba ukiwa juu ya vigae unaweza kuanza kuandika tu. Ulijua kwa kuambiwa.

Mambo mengi yalikuwa hivyo, ya kuambiwa. Ili kuzima kompyuta ulisogeza kipanya kwenye kona ya kulia, ukasubiri vialama vichomoze, ukachagua Settings, kisha Power, kisha Shut down. Programu za sura mpya zilijaza skrini yote na hazikuwa na alama ya X ya kufungia. Ulizishika kwa juu ukaziburuta hadi chini. Kulikuwa na Internet Explorer mbili, moja ya vigae na moja ya eneokazi, na kurasa ulizofungua kwenye moja hukuzikuta kwenye nyingine. Mipangilio nayo iligawanyika. Mingine ilibaki Control Panel na mingine ikahamia ukurasa mpya, na mtu aliyetafuta jambo moja alipita kote kuwili. Mwezi Novemba, Jakob Nielsen, mtaalamu mashuhuri wa urahisi wa matumizi, alichapisha tathmini yake baada ya kuwajaribu watumiaji 12 wazoefu wa kompyuta. Hukumu yake ilikuwa kali: mfumo unawashinda wageni na kuwachelewesha wenyeji, kwa sababu una mazingira mawili yasiyofanana na kwa sababu mambo muhimu yamefichwa.

Watu walijipangaje? Wengi hawakuhama kabisa, walibaki na Windows 7 au hata XP. Wengine walinunua mashine mpya yenye Windows 8 na jambo la kwanza kufanya likawa kuirudisha nyuma. Programu ya bure iitwayo Classic Shell, iliyotengenezwa na Ivo Beltchev tangu enzi za Windows 7, ilipakuliwa kwa wingi. Kampuni ya Stardock iliuza Start8 kwa dola 5 kasoro senti moja. Samsung waliweka kizindua programu chao wenyewe kwenye mashine walizouza, na Agosti 2013 Lenovo walitangaza kwamba kompyuta zao zitakuja na menyu ya kampuni ya pembeni, Pokki. Watengenezaji wakubwa kabisa wa kompyuta duniani walikuwa wanaziba kwa gharama yao pengo ambalo mwenye mfumo aliliacha kwa makusudi. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo hoja ya kwamba watu watazoea ilipokufa.

Sinofsky hakuwepo tena. Kuondoka kwake kulitangazwa tarehe 12 Novemba 2012, hata wiki tatu hazijatimia tangu uzinduzi, na Larson-Green akachukua upande wa uhandisi. Microsoft walisema leseni milioni 40 ziliuzwa ndani ya mwezi wa kwanza na milioni 100 ndani ya miezi sita. Lakini mwezi Aprili 2013 shirika la utafiti la IDC liliripoti kwamba kompyuta zilizosafirishwa madukani katika robo ya kwanza ya mwaka zilipungua kwa asilimia 13.9, anguko baya kuliko yote tangu walipoanza kuhesabu mwaka 1994. Wakaitaja Windows 8 miongoni mwa sababu: badala ya kuvuta wanunuzi, ilionekana kuwafukuza. Sio haki kuibebesha lawama zote, kwani vishikwambi na simu zilikuwa zinalila soko hilo kwa vyovyote. Julai mwaka huo Microsoft walifuta dola milioni 900 vitabuni kwa sababu ya kishikwambi chao cha Surface RT, na mwezi uliofuata Steve Ballmer, mkuu wa kampuni, akatangaza kwamba atastaafu.

Kitufe kilirudi tarehe 17 Oktoba 2013, na Windows 8.1. Kilirudi kitufe, menyu haikurudi. Ukikibofya, unapelekwa kwenye vigae vilevile. Hiyo ni namna ya kukubali kosa bila kulitamka, na watu hawakupokea vizuri. Yaliyosaidia kweli yalikuwa madogo: kompyuta iliweza kuwekwa iwake moja kwa moja kwenye eneokazi, na ukibofya kitufe kile kwa upande wa kulia wa kipanya ulipata njia fupi ya kuzima. Sasisho jingine lilitoka tarehe 8 Aprili 2014, likirudisha alama ya X kwenye programu za vigae na kuweka kitufe cha kuzimia mahali panapoonekana. Siku hiyohiyo XP ilikatiwa msaada rasmi baada ya zaidi ya miaka kumi na mbili, na mamilioni ya watu waliokuwa wameigomea Windows 8 walijikuta wanatakiwa wahame.

Wiki moja kabla, kwenye mkutano wa wataalamu huko San Francisco, Terry Myerson, mkuu mpya wa Windows, alikuwa ameonyesha picha ya menyu ya Start ya kweli, orodha kushoto na vigae vichache kulia. Ukumbi ulipiga makofi. Tarehe 30 Septemba alisimama tena kuitambulisha Windows 10, na aliyeionyesha menyu hiyo kwa vitendo alikuwa Joe Belfiore, yuleyule wa Windows 95. Wakati huu waliwakaribisha watu wa nje waijaribu mapema na kutuma maoni yao miezi kadhaa kabla ya mauzo.

Windows 10 ilizinduliwa tarehe 29 Julai 2015 kwa sherehe katika miji kadhaa ya dunia, Nairobi ikiwa mmojawapo, na Satya Nadella, mkuu wa Microsoft tangu Februari 2014, alichagua kuwa Kenya siku hiyo. Alifika Nanyuki, kwenye mradi wa Mawingu uliokuwa ukisambaza intaneti kwa nguvu ya jua na kwa masafa ya televisheni yasiyotumika. Ilikuwa picha nzuri ya kampuni. Mfumo wenyewe ulitolewa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8, na hapo tabia ya zamani ikachomoza tena kwa mlango mwingine. Mwaka 2016 dirisha la kumshawishi mtu ahamie lilianza kuhesabu alama ya X kama kulifunga dirisha tu, huku uhamisho ulioratibiwa ukiendelea kama ulivyopangwa. Watu walikwenda kula chakula cha mchana, waliporudi wakakuta kompyuta iko katikati ya kujibadilisha. Chris Capossela, mkuu wa masoko wa Microsoft, alikubali baadaye mwaka huo kwamba kampuni ilikuwa imevuka mpaka.

Windows 11 ilipokuja tarehe 5 Oktoba 2021, kitufe kilihama tena, sasa kikakaa katikati ya mstari wa chini pamoja na ikoni nyingine. Malalamiko yalikuwapo, hasa ya wale waliozoea kuuweka mstari huo juu au ubavuni mwa skrini na sasa wakanyimwa. Lakini kwa kitufe chenyewe, tangu siku ya kwanza mipangilio ilikuwa na chaguo la kukirudisha kushoto, na aliyetaka alikirudisha bila kuchimba rejista wala kununua programu ya mtu. Kizuizi safari hii kilikuwa kwingine. Mfumo ulidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi zilizokuwa zikifanya kazi bila tatizo zikaambiwa hazifai. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kompyuta ya mtumba aliyoinunua Kariakoo, Dar es Salaam, au kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ambayo mtu wa Ulaya aliitumia miaka mitano kabla yake, anaweza kuwa tayari kabisa kujifunza sura mpya, popote watakapokiweka kitufe. Mashine yake ndiyo iliyokataliwa.